Themostati Iliyotupwa: Joto, Chumvi na Ufundi wa Gari kwenye Barabara ya Bagamoyo

Katika gereji za barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mwenge na Tegeta, kupita Bunju, Mapinga na Kerege hadi Zinga na njia ya kuingilia Mbegani, kuna kifaa ambacho kwa miongo mingi kimekuwa kikitolewa kwenye injini na kutorudishwa. Ni themostati. Ni kidude cha shaba na chuma kinachoenea kiganjani, chenye springi, na katikati yake imefungiwa nta. Nta ikipata joto la kutosha huyeyuka na kutanuka, ikasukuma kipini, mlango ukafunguka, na maji ya injini yakapata njia ya kwenda kupozwa kwenye rejeta. Kabla ya hapo mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Themostati ya nta ilibuniwa na Sergius Vernet huko Marekani katika miaka ya 1930, na mpaka leo kanuni yake ni ileile. Kwenye Toyota nyingi ndogo zilizojaa barabarani kwetu, mlango huo huanza kufunguka maji yakifika nyuzi joto 80 hadi 84. Gari likichemsha, jambo la kwanza ambalo mafundi wengi wamezoea kufanya ni kufungua nati mbili tatu, kuitoa themostati, kuitupa na kufunga tena. Gari linaacha kuchemsha na mwenye gari anashukuru. Miezi michache baadaye anarudi akilalamika kwamba gari linakula mafuta, linamisi na linatoa moshi mweusi. Ni nadra mtu kuunganisha safari hizo mbili za gereji.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba fundi wa chini ya mwembe hajui umeme, na gari la kisasa ni umeme mtupu. Maelezo hayo hayatoshi, na kwa kiasi kikubwa yanamdhulumu fundi. Desturi ya kutupa themostati ilizaliwa na ujuzi wa kweli, uliopatikana kwenye injini za kweli, katika pwani hii hii yenye joto na chumvi. Ilikuwa hekima kwenye lori, ilikuwa hekima zaidi kwenye boti, na kwenye gari la kabureta haikuwa na madhara makubwa. Iligeuka kuwa hasara pale magari ya aina nyingine yalipoingia nchini kwa maelfu bila mtu yeyote kumwambia fundi kwamba kanuni imebadilika. Anayetaka kuelewa kwa nini magari mengi ya zamani ya EFI, yaani yanayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, katika ukanda huu yanatumia petroli kana kwamba yanaendeshwa kwenye theluji, aanze na historia hiyo kabla ya kufungua boneti.

Hofu ya maji kuchemka ni ya kale kama magari yenyewe hapa nchini. Agosti 1907 Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam na gari lake akikusudia kuvuka bara zima, akafika Swakopmund Mei 1909. Magari ya zama zile, na hata Ford Model T lililofuata, hayakuwa na themostati. Model T lilitegemea maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka yenyewe, bila hata pampu. Kwa hiyo madereva na mafundi wa mwanzo waliifahamu injini isiyo na themostati kama injini kamili, iliyotoka hivyo kiwandani. Kisha yakaja malori ya Waingereza, Bedford na Albion, yakibeba mizigo mizito kwenye barabara za vumbi na mchanga. Barabara ya Bagamoyo yenyewe ilibaki ya vumbi kwa sehemu kubwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwenye mchanga gari linakwenda kwa gia ndogo, injini inazunguka kwa nguvu, upepo wa kupoza rejeta haupo. Utingo alikuwa na debe la maji kwa sababu maalumu.

Na maji hayo yalikuwa ya namna gani? Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya ufundi vilivyoandikwa Ulaya havikuliwazia. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi chumvi. Hapo Bagamoyo, Nunge, watu wanavuna chumvi kwa biashara. Maji kama hayo yakitiwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka, bila kulanti, yanakula shaba, yanajaza magamba kwenye njia nyembamba, na yanatia kutu kila penye chuma. Sehemu moja nyembamba katika mzunguko ule ni mlango wa themostati, na ukiganda ukiwa umefungwa, injini inachemka ndani ya dakika chache, silinda hedi inapinda na gasketi inakatika. Sasa uweke mkasa huo mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, nchi haina fedha za kigeni, petroli ni haba kiasi kwamba magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana, na hedi mpya ni kitu cha kuombea dua. Fundi aliyetoa themostati na kuitupa alikuwa anaikatia injini bima. Alipima hasara mbili, injini kuwa ya baridi kidogo au injini kufa, akachagua ile ndogo. Kwa mashine aliyokuwa nayo, hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kulikuwa na shule ya pili iliyofundisha somo hilohilo, nayo ni bahari. Mbegani kuna chuo cha uvuvi kilichojengwa kwa msaada wa Norway kuanzia miaka ya 1970, na ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Chuoni hapo na kwenye mialo ya jirani, injini ni chombo cha kazi kama wavu. Injini za boti za nje, na baadhi ya zile za ndani, hupozwa na maji ya bahari moja kwa moja: yanavutwa, yanapita kwenye injini, yanatemwa. Maji ya bahari yakipata moto kupita kiasi huacha chumvi yake kwenye kuta za njia yanamopita, na chumvi hiyo ikiganda injini inakosa pumzi. Ndiyo maana injini za namna hiyo zinapowekewa themostati, huwekewa ya joto la chini, kama nyuzi 50 hadi 60, chini kabisa ya zile za gari. Kwa mvuvi na fundi wake, injini inayotema maji vuguvugu ni injini yenye afya, na injini ya moto ni hatari katikati ya maji. Mtu aliyelelewa kiufundi kwenye pwani hii alisikia kutoka nchi kavu na baharini kauli moja: ipoze. Hakukuwa na sauti ya tatu ya kumwambia kwamba injini inaweza kuumwa kwa baridi.

Injini ya baridi iliumwa kidogo hata wakati ule, lakini ugonjwa wake haukuonekana, na sababu ni choki. Petroli haichomeki vizuri ikiwa ya majimaji. Lazima iwe mvuke, na kwenye injini ya baridi sehemu ya petroli inabaki kama matone kwenye kuta. Dawa yake ni kuongeza petroli ili angalau ile inayogeuka mvuke itoshe. Kwenye gari la kabureta kazi hiyo ilifanywa na mkono wa dereva: anavuta choki, anawasha, anairudisha. Kwa joto la Dar es Salaam na Bagamoyo wengi hawakuigusa kabisa, au waliivuta kwa sekunde chache alfajiri ya Julai. Choki ikisharudishwa, kabureta haijali kama maji ya injini yana nyuzi 50 au 85. Inatoa petroli kwa kufuata hewa inayopita. Gari lisilo na themostati lilipoteza nguvu kidogo na kuchakaa mapema kidogo, ila matumizi ya petroli hayakupanda kiasi cha mtu kushtuka. Lori la dizeli nalo halina mchanganyiko wa kurekebishwa kwa namna hiyo. Pampu inapima mafuta kwa kufuata mguu wa dereva. Hapa ndipo ninapomjibu anayeuliza: kama petroli ilikuwa adimu vile, mbona mafundi wa wakati ule hawakuona kwamba desturi yao inapoteza mafuta? Hawakuona kwa sababu kwenye magari yao haikuwa inapoteza ya kuonekana. Uamuzi wa kuongeza petroli ulikuwa mkononi mwa mtu, na mtu anajua kama kuna baridi au hakuna.

Uamuzi huo ulihama kutoka kwa mtu kwenda kwa mashine, na uhamisho huo haukuanza na Toyota za miaka ya 1990. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, gari ambalo liliuzwa pia likiwa na pampu ya Kugelfischer inayopuliza petroli badala ya kabureta. Pampu hiyo ilikuwa na nta yake iliyopashwa na maji ya injini: nta ikiwa baridi pampu inatoa petroli nyingi, ikipata moto inapunguza. Mwaka 1967 Bosch wakaanza kuuza mfumo wa umeme, D-Jetronic, kwenye Volkswagen, na katikati ya miaka ya 1970 mifumo yao mingine ikaenea kwenye magari ya Ulaya. Hayo yote yalikuwa na tabia moja mpya: yanauliza injini ina joto gani kabla ya kuamua petroli kiasi gani. Lakini hapa nchini magari hayo yalikuwa machache, ya wenye uwezo, ya ofisi na balozi, na yalitengenezwa kwenye gereji za mawakala. Ujuzi wake haukushuka mtaani. Tukio hilo la kihistoria lilipita kimya.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Magari yakaanza kurudi barabarani, na soko lilipolegezwa zaidi katika miaka ya 1990, Japani ikawa chimbuko la magari yetu, kwa sababu ya bei na kwa sababu wao pia wanaendesha upande wa kushoto. Starlet, Corolla, Carina, Corona, Mark II. Kwenye injini za magari haya, 4E-FE, 5A-FE, 7A-FE, 3S-FE, 1G-FE, ile herufi E ya mwisho inamaanisha kwamba petroli inapulizwa kwa nozo zinazoamriwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Maandishi kwenye kifuniko cha fyuzi ni ya Kijapani, kitabu cha gari kama kimo ni cha Kijapani, na kontroli boksi yenyewe imepangwa na wahandisi waliokuwa wanafikiria pia dereva wa Hokkaido, ambako asubuhi ya Januari maji yanaganda barabarani. Ndani ya gari lile kuna choki, ila huioni wala huwezi kuirudisha kwa mkono. Inarudishwa na kitu kimoja tu: taarifa kwamba maji yamepata moto.

Taarifa hiyo inaletwa na sensa ndogo ya waya mbili iliyochomekwa kwenye njia ya maji. Ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Kwenye Toyota za kipindi hicho, maji yakiwa nyuzi 20 sensa husoma kilo-omu 2 hadi 3. Yakifika 40 husoma karibu kilo-omu 1. Yakifika 80 hushuka hadi kilo-omu 0.2 au 0.4. Kontroli boksi ikiona ukinzani mkubwa inasema kuna baridi, inaongeza muda wa nozo kukaa wazi na inapandisha sailensi. Ikiona ukinzani mdogo inapunguza, kisha inaanza kusikiliza sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi na kushikilia uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, ambao ndio unachoma vizuri. Sasa toa themostati. Maji yanakwenda kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na gari likishika lami upepo wa mwendo unayapoza kabla hayajafika mahali. Injini inafanya kazi yake yote, saa nzima kutoka Mwenge hadi Bagamoyo, chini ya joto ambalo kontroli boksi inalisubiri ili irudishe choki. Petroli ya ziada inayotolewa haichomeki yote. Inapaka plagi masizi meusi makavu, inatoka kama moshi, na nyingine inateremka kwenye kuta za silinda ikiosha oili iliyotakiwa kulainisha ringi.

Pingamizi la kwanza linajileta lenyewe: hapa ni pwani, saa sita mchana kuna nyuzi 32, baridi itoke wapi? Jibu ni hesabu. Injini inataka maji ya nyuzi 80 na zaidi. Hewa ya nyuzi 32 kwa binadamu ni joto la kutoka jasho, lakini kwa injini bado ina upungufu wa karibu nyuzi 50. Tofauti ya Bagamoyo na Hokkaido ni muda tu wa kusubiri injini ipate moto, mradi themostati ipo. Ikiwa haipo, kinachoamua ni rejeta na upepo. Nadhani pia lami ilichangia kulifichua tatizo: gari lililojikokota kwenye mchanga lilipata moto hata bila themostati, ila lami ilipofika, mwendo wa kilomita 80 kwa saa ukawa ni feni kubwa mbele ya rejeta isiyo na mlango.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo linasema: heri kula mafuta kuliko kuchemsha. Kama kweli kutoa themostati kungekuwa kinga ya uhakika ya kuchemsha, ningekubali kwamba mwenye gari ana haki ya kuchagua. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota za miaka ile, themostati ina kazi mbili. Chini yake kuna kisahani ambacho, mlango mkubwa unapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Ndiyo sababu vitabu vya Toyota vyenyewe vinakataza kuitoa hata injini ikielekea kuchemsha, kwa maelezo kwamba upozaji unapungua. Gari kama hilo linaweza kuwa la baridi kupita kiasi kwenye lami na likachemsha kwenye foleni ya Mwenge, yote mawili kwa siku moja. Bedford haikumfundisha fundi jambo hilo, wala boti, na kwa macho haliwezi kuonekana mpaka ukikate kifuniko cha themostati uone maji yanapita wapi.

Lakini hata gari ambalo themostati yake ni nzima linaweza kuugua ugonjwa huohuo, na hapa pwani inaingia kwa mlango mwingine. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hiyo inakaa kwenye pini za soketi ya sensa na kwenye waya wa ethi, ikazaa ule ukungu wa kijani unaojulikana na kila aliyefungua soketi ya gari la pwani. Ukungu huo unaongeza ukinzani. Chukua sensa nzima, maji ya nyuzi 80, ukinzani kilo-omu 0.3. Ongeza kilo-omu 1 tu ya kutu kwenye soketi. Kontroli boksi inasoma 1.3, nayo inaamini kwamba maji yana nyuzi 40 au pungufu. Injini imepata moto kabisa, ila kompyuta inalishwa habari za asubuhi. Fundi anayetazama geji kwenye dashibodi anaona mshale umekaa katikati, anaapa kwamba joto ni sawa, na hasemi uongo: kwenye magari haya geji ina sensa yake nyingine, ya waya mmoja, isiyohusiana na ile ya waya mbili. Vifaa viwili vinapima maji yaleyale na kutoa habari tofauti, na kimoja tu ndicho kinachogawa petroli.

Kwa nini ugonjwa huu haukujulikana mapema? Kwa sababu kulikuwa na watuhumiwa wengine, na baadhi walikuwa na hatia kweli. Petroli yenye risasi iliendelea kutumika kusini mwa Sahara hadi mwisho wa 2005, baada ya nchi zetu kukubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa. Risasi huua sensa ya oksijeni, kwa hiyo magari mengi ya mwanzo ya EFI yalipoteza jicho la kujisahihisha muda mfupi baada ya kushuka bandarini. Kisha ukaja uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya chini, wafanyabiashara wakayachanganya kwenye petroli na dizeli, na tabia hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachakachuaji. Tangu hapo, gari likitoa moshi jibu la mdomoni likawa moja: umenunua mafuta machafu. Mara nyingi lilikuwa jibu sahihi. Lakini mafuta yaliyochakachuliwa yanasumbua magari yote yaliyojaza kwenye kituo kile, na yanasumbua kila wakati. Gari lenye petroli nyingi kwa sababu ya baridi lina mwenendo wake: asubuhi linawaka vizuri na kutembea vizuri, kwa kuwa saa hiyo petroli ya ziada inahitajika kweli. Shida inaanza baada ya dakika 15 au 20, wakati ambapo gari zima linapaswa kutulia. Sailensi haishuki, plagi zote ni nyeusi kwa usawa, na ukilizima kwa muda mfupi likiwa na moto halitaki kuwaka. Tofauti hiyo ya asubuhi na mchana ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote, na haihitaji chombo chochote isipokuwa kumsikiliza mwenye gari na kumuuliza shida huanza saa ngapi.

Wapo watakaosema haya yote ni ya kale, kwani sasa kila gereji ina mashine ya kupima. Nakubali kwamba mashine imesaidia, ila siikubali kama jibu. Hata kabla yake Toyota hizi zilikuwa na njia ya kujieleza: unaunganisha kwa kipande cha waya tundu la TE1 na la E1 kwenye kiboksi kidogo ndani ya boneti, unafungua swichi, kisha unahesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili: namba 22, sensa ya maji. Tatizo ni kwamba namba 22 huandikwa pale tu waya umekatika au umegusana. Sensa inayosema nyuzi 40 haijavunja sheria yoyote, kwani nyuzi 40 ni jambo linalowezekana, na kompyuta haina sababu ya kuishuku. Injini isiyo na themostati nayo inasema kweli tupu: maji ni ya baridi. Kwa hiyo taa inapepesa sawasawa, ishara ya kwamba hakuna kosa, na fundi anahamia kwenye nozo, anazisafisha, anabadilisha plagi, anatoza, gari linaondoka likiwa na ahueni ya wiki moja ya plagi mpya.

Ninachokithamini ni namna baadhi ya mafundi walivyopata njia yao wenyewe. Injini ikiwa imepata moto na inamisi, wanachomoa soketi ya sensa ya maji. Kontroli boksi ikikosa taarifa kabisa inaandika namba 22 na kuchukua nyuzi 80 kama kweli ili gari lifike nyumbani. Injini ikitulia papo hapo, basi taarifa ilikuwa mbovu. Ni kipimo kizuri. Kimeharibiwa tu na wale wanaoacha soketi ikining'inia kama tiba ya kudumu, maana asubuhi inayofuata gari linanyimwa petroli ya kuwashia. Kipimo cha pili kinataka mashine, lakini kinataka zaidi saa: kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Maji na hewa vimelala pamoja, vinapaswa kukaribiana. Hewa ikisoma 26 na maji yakasoma 12, hakuna haja ya kubishana kuhusu mafuta ya kituo gani. Kuna soketi ya kusafishwa au sensa ya kubadilishwa. Kisha endesha hadi Kerege na usome tena. Isipofika 80, swali ni moja tu: themostati ipo?

Magari ya baadaye yamelijua tatizo hilo kwa jina. Mengi ya yaliyotengenezwa kwa mfumo wa kupima uliosanifishwa huandika namba P0128, yenye maana kwamba maji hayajafikia joto ambalo themostati inapaswa kulishikilia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ufundi huu, baridi imeandikwa kama kosa. Lakini Starlet na Corolla za 1996 hazina namba hiyo, na bado ziko barabarani, zikibeba walimu, samaki na wagonjwa kati ya Bagamoyo na mjini. Kwao kazi inabaki ya fundi na mkono wake.

Linabaki pingamizi la fedha, kwamba mwenye gari hana za kununua themostati mpya kila ya zamani inapotiliwa shaka. Hana haja. Iliyotolewa inaingizwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, ikining'inizwa kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Maji yakipanda hadi 80 na kitu mlango uanze kuachia, na yakikaribia 95 uwe umefunguka milimita 8 au zaidi. Yakipoa ufunge bila kubaki na upenyo. Ikishindwa, hiyo ndiyo ya kutupa, na nyingine inunuliwe Gerezani au Kariakoo yenye joto lilelile lililochongwa kwenye mgongo wake. Ikifaulu irudishwe, ringi yake ya mpira ikiwa mpya, kile kitundu kidogo chenye pini ya kutolea hewa kikielekezwa juu, na rejeta ijazwe kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo ya kisima.